Windows 10 ya steshenari yangu Masasi, nifanyeje?

Kiduka_Masasi: Wakuu habari zenu, nna steshenari ndogo hapa Masasi, kompyuta moja tu ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha 4, ndo inalisha familia. Microsoft waliacha kutoa apdeti za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 inagoma kuingia, huku wateja wanachomeka fleshi zao kutwa nzima, naogopa virusi kweli. Ninunue nyingine au?

Fundi_Nachingwea: Usinunue kwanza mkuu. 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya kompyuta) na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8, ndo maana inakataa. Ila kuna ESU, apdeti za usalama za nyongeza mpaka Oktoba 2026, ingia kwenye setingi ujiandikishe.

Binti_Lindi: Apdeti si za kudharau jamani, WannaCry, kile kirusi cha Mei 2017 kilichofunga mafaili ya watu na kudai hela, kilipita kwenye tundu la usalama la Windows ambalo Microsoft walishaliziba Machi mwaka huohuo, walioumia ni wale hawajaapdeti. Na kazi za watu weka kopi kwenye diski ya nje, ukimaliza uichomoe.

Kiduka_Masasi: Asanteni sana, diski naifata leoleo.