tvN ya Korea Kusini: chaneli ya kebo isiyo na taarifa ya habari iliwezaje kuvipita vituo vikubwa?

Mtazamaji Makini

Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi kutoka kwa wanaoifahamu historia ya televisheni ya Korea Kusini. tvN ilianza kurusha matangazo tarehe 9 Oktoba 2006, wakati vituo vikubwa vya KBS, MBC na SBS vikiwa vimeshika soko la tamthilia, na chaneli ya kebo iliyofikisha asilimia 1 ya watazamaji ikihesabiwa kuwa imefanikiwa. Januari 2017 sehemu ya mwisho ya tamthilia ya "Goblin" ilivuka asilimia 20, na mwaka 2024 "Queen of Tears" ikafunga kwa zaidi ya asilimia 24. Maelezo ninayokutana nayo kila mara ni kwamba tvN ilikuwa na hadithi nzuri zaidi, nayo hayanitoshi, kwa sababu hadithi nzuri zilikuwepo Korea miaka mingi kabla ya chaneli hiyo. Ni kipi hasa kilichobadilika: fedha, sheria au watu?

Bint Karani

Ndugu, vyote vitatu vimo, ila havina uzito sawa. Tuanze na fedha. Mmiliki wa tvN ni kundi la CJ, ambalo asili yake ni kiwanda cha sukari kilichoanzishwa mwaka 1953 na mwasisi wa Samsung, kabla ya kujitenga na kundi hilo katika miaka ya 1990. Mwaka 1995, mwaka uleule ambao televisheni ya kebo ilizinduliwa rasmi nchini Korea Kusini, kampuni hiyo ya sukari na vyakula iliwekeza dola milioni 300 katika studio ya DreamWorks ya Marekani. Ikafuata chaneli ya muziki ya Mnet, kisha majumba ya sinema ya CGV kuanzia mwaka 1998. Kwa hiyo tvN ilipozaliwa, mwenye mali alikwisha kuwa na mkono katika muziki, filamu na kumbi za kuonyeshea, na aliweza kuvumilia hasara ambayo chaneli changa isiyo na mlezi isingeivumilia.

Hata hivyo, fedha hizo hazikuzaa heshima mara moja. tvN ya miaka ya mwanzo ilijulikana kwa vipindi vya kuchokoza, vikiwemo vile vya kuigiza vilivyojifanya ripoti za matukio ya kweli. Katika kundi hilo ninaitenga "Rude Miss Young-ae", iliyoanza mwaka 2007: mhusika wake mkuu ni mwanamke mnene aliyepita miaka thelathini, mfanyakazi wa kawaida wa ofisi, na kamera inamfuata kama vile katika filamu ya maisha halisi, anapodharauliwa na bosi na anapojibu mapigo. Iliendelea hadi msimu wa 17, mwaka 2019. Mtu yeyote anayedai kwamba tvN iligundua maisha ya watu wa kawaida mwaka 2012 hakuitazama tamthilia hii.

Sasa watu, na hapa ndipo ninapoona jibu lako. Mwaka 2011 CJ iliunganisha kampuni zake za burudani kuwa CJ E&M, na katika kipindi hichohicho ikawavuta watayarishaji kutoka KBS. Miongoni mwao walikuwa mwongozaji Shin Won-ho na mwandishi Lee Woo-jung, ambao walijijengea jina katika vipindi vya burudani, si katika tamthilia. Katika vituo vikubwa idara hizo mbili zilikuwa na mipaka yake, na mtu wa burudani hakukabidhiwa tamthilia kirahisi. tvN iliwakabidhi, na matokeo yake yakawa "Reply 1997", iliyorushwa kuanzia Julai 2012. Waliiandika kwa mtindo wa vipindi vya burudani, waandishi kadhaa wakikaa pamoja na kukusanya vijambo vidogovidogo vya mwaka 1997, ambao hadithi inaurudia. Msichana wa Busan anazungumza lahaja ya kwao bila kuisafisha, na mashabiki wa bendi ya vijana ya H.O.T. wanakabiliana na wa bendi pinzani ya Sechs Kies wakiwa wamevaa makoti ya mvua, hawa meupe na wale ya njano. Waigizaji wakuu, Jung Eun-ji na Seo In-guk, walikuwa waimbaji, na Seo In-guk alikuwa ameshinda msimu wa kwanza wa shindano la kuimba la "Superstar K" la Mnet, chaneli dada.

Mtayarishaji Na Young-seok alifuata kutoka KBS mwaka 2013. "Grandpas Over Flowers" iliwapeleka Ulaya waigizaji wanne wazee, na mwigizaji mwenzao aliye mdogo kwao, Lee Seo-jin, akageuzwa mbeba mizigo na msoma ramani. Mwaka uliofuata alikuja na "Three Meals a Day", ambayo watu wengi hawakuelewa ingewezaje kushika mtazamaji, kwa kuwa kazi ya washiriki ni kupika milo mitatu kijijini, basi. Katika awamu ya kisiwa cha Manjae, mwigizaji Cha Seung-won anaoka mkate katika tanuri lililojengwa palepale, na unajikuta umeganda ukisubiri kuona kama utaumuka.

Kinasa Mawimbi

Nakubaliana na dada hapo juu kuhusu watu, ila naona ameiruka sheria, na kwa maoni yangu ndiyo iliyowapa watu hao nafasi ya kufanya kazi.

Leseni ya tvN ni ya chaneli ya burudani, hivyo hairuhusiwi kuandaa taarifa za habari, tofauti na JTBC, chaneli nyingine ya kebo iliyoanza Desemba 2011 ikiwa na leseni ya vipindi vya aina zote. Ukiitazama haraka utadhani huo ni upungufu. Lakini kituo kisicho na habari hakina taarifa ya usiku inayogawa ratiba yake katikati, na ndiyo maana tvN iliweza kuweka tamthilia saa mbili au saa tatu usiku, na kuziacha baadhi ya sehemu za tamthilia ya "Reply 1988" zipite dakika 90.

La pili ni matangazo ya biashara. Vituo vinavyorushwa kwa antena, yaani KBS, MBC na SBS, vilikatazwa tangu miaka ya 1970 kukatisha kipindi kwa tangazo, ilhali kebo iliruhusiwa. Vituo hivyo vilipobanwa na ushindani vilianza kuikata sehemu moja ya saa nzima kuwa mbili zenye namba tofauti, ili tangazo likae katikati kihalali, na ndiyo sababu unakutana na tamthilia za miaka hiyo zinazodaiwa kuwa na sehemu 32 wakati kwa kweli ni 16. Katazo hilo liliondolewa Julai 2021, mchezo ukiwa umekwisha kugeuka.

Mtazamaji Makini

Nashukuru sana. Suala la kugawa sehemu lilinitatiza kwa muda mrefu. Je, asilimia za kebo na za vituo vya antena zinaweza kulinganishwa moja kwa moja?

Mwana wa Ratiba

Kwa tahadhari, mkuu. Nielsen Korea, kampuni inayopima idadi ya watazamaji, huzihesabu chaneli za kebo kwa kaya zilizojiunga na huduma za kulipia. Kaya nyingi za Korea zimejiunga, kwa kebo, setilaiti au intaneti, kwa hiyo pengo si kubwa, lakini ni vyema kusema "rekodi ya kebo" badala ya "rekodi ya nchi". Hata rekodi ya kebo yenyewe si ya tvN: "The World of the Married" ya JTBC ilifikia asilimia 28 mwaka 2020.

Niongeze jambo ambalo wenzangu hawakuligusa. Mafanikio haya yalikuwa na gharama iliyolipwa na wafanyakazi. Oktoba 2016 mwongozaji msaidizi wa tamthilia moja ya tvN alijiua, familia yake ikapinga hadharani mazingira ya kazi, na CJ E&M ikaomba radhi mwaka 2017. Desemba mwaka huohuo fundi alianguka na kuumia vibaya alipokuwa akifunga mapambo ya seti ya tamthilia nyingine ya tvN, "A Korean Odyssey", na siku iliyofuata sehemu ya pili ikaenda hewani kabla ya kazi ya kompyuta kukamilika, nyaya za kuwaninginiza waigizaji zikionekana wazi, mpaka matangazo yakasitishwa usiku uleule. Ratiba ya sehemu mbili kila wiki, huku upigaji picha ukiendelea, ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake. Timu ya Shin Won-ho na Lee Woo-jung ndiyo iliyolijibu hilo kwa vitendo: "Hospital Playlist" ya mwaka 2020 ilirushwa mara moja tu kwa wiki, kila Alhamisi, kwa sehemu 12, na msimu wa pili ukafuata mwaka 2021 kwa utaratibu uleule.