Mnaotoka shifti usiku mnafikaje nyumbani? Tupeane uzoefu

Binti wa Temeke: Jamani jana mwenzetu kaingia kazini pekupeku analia. Kakabwa alfajiri kabla hajafika kituoni, wamembeba simu, pochi, mpaka viatu. Nyie mnaotembea gizani mnafanyaje? Mabosi wanahesabu saa za ndani ya geti tu.

Mtoto wa Buza: Alfajiri ndo mbaya. Saa nne usiku wauza chipsi bado wapo, saa kumi ni wewe na mbwa.

Mama Pacha: Umenikumbusha 2019. Nilikuwa natoka saa nne usiku Chang'ombe, nakaa Mbagala. Siku hiyo daladala imefika Mtoni Mtongani konda anasema gari inageuza, shukeni. Wenzangu wakachukua boda, mi nina buku tu, nikasema nisogee mbele nidake gari nyingine. Nilivyopita pale taa zilipoishia nikasikia kandambili nyuma yangu, nikiongeza mwendo zinaongeza, nikipunguza zinapunguza. Mara roba. Ule mkono ulinuka petroli, mpaka leo nikipita sheli najishika koo. Watu wanasema piga kelele, kelele utaitolea wapi koo limebanwa? Aliyeniokoa ni mzee muuza kahawa alikuwa anarudi kwake, akaanza kugonga vikombe kwa fujo anaita "Juma! Athumani! Njooni huku!" na hakuna mtu, yuko peke yake. Wakakimbia na mkoba wangu. Akanikalisha akanimiminia kikombe, mikono inatetemeka kahawa yote ikamwagikia koti la kazi. Zahanati wakataka PF3 kwanza, ile fomu ya polisi ya kutibiwa majeruhi, nikaenda polisi na shingo imevimba, saa nane usiku ndo napata dawa.

Mkaa Getini: Mungu amlipe huyo mzee.

Fundi Shifti C: Pole dada ila ungepanda tu boda, ungemlipa ukifika.

Mama Pacha: Nimlipe na nini? Na nyumbani nina watoto wawili wamelala wenyewe.

Mtoto wa Buza: Halafu boda wenyewe ndo wanawapeleka watu chochoroni.

Boda wa Kijiweni: Mkuu usituweke kapu moja. Kijiwe chetu kinajulikana serikali ya mtaa na kila mtu ana kizibao chenye namba. Msipande anayezungukazunguka, pandeni wa kijiweni, piga picha pleti mtumie mtu, tena mbele yake aone. Mwenye nia mbaya atakwambia pikipiki imeisha mafuta.

Mtoto wa Buza: Vizibao vinaazimwa.

Boda wa Kijiweni: Ndo maana nikasema pleti. Soma kwanza ndo ujibu.

Mkaa Getini: Mi natembea katikati ya barabara, uchochoroni sisogelei.

Fundi Shifti C: Katikati ya Kilwa Road na yale malori? Utakufa kabla ya kukabwa. Tembea upande magari yanakokuja, uone na uonekane. Eafoni toa masikioni. Simu kubwa iache nyumbani, beba kitochi.

Dada wa Cherehani: Wakikuta kitochi wanakupiga kwa hasira. Mi naweka elfu mbili mfuko wa mbele, hiyo ni yao, nampa bila ubishi.

Karani wa Zamu: Mnajua kwamba sheria ya ajira ya 2004 inahesabu saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi kuwa kazi ya usiku? Kila saa hapo unaongezwa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Na mjamzito akibakiza miezi miwili kujifungua haruhusiwi kupangiwa usiku. Angalieni salari slipu zenu.

Dada wa Cherehani: Hiyo asilimia 5 hailipi boda hata siku tatu. Sisi tunataka gari la kuturudisha. Tuliandika majina arobaini tukapeleka ofisini, tukaambiwa gari la wafanyakazi ni la mchana.

Binti wa Temeke: La mchana! Mchana nani anakabwa?

Mkaa Getini: Mama Pacha ulimwona tena yule mzee?

Mama Pacha: Nilimfuata wiki hiyohiyo na kilo mbili za sukari na elfu kumi. Sukari akapokea, hela akanirudishia, akasema panda gari.

Binti wa Temeke: Sasa kuanzia Jumatatu mimi natoka saa nne, Chang'ombe kwenda Mbagala. Nani mwingine?

Dada wa Cherehani: Mimi na wenzangu wawili. Usitoke getini peke yako, simama kwa muuza mihogo, tunakuja kukuchukua.

Boda wa Kijiweni: Gari ikigeuza Mtongani msitembee. Njooni kijiweni, hela mtaleta kesho yake.