Chembe nano za MRI na mwanga kwa pamoja: zina faida gani?

Swali
Wanajukwaa, salaam. Nimekuwa nikisoma kuhusu chembe nano (chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho) zenye kiini cha oksidi ya chuma kilichobandikwa rangi inayong'aa, ili zionekane kwenye MRI, yaani mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, na pia kwa kamera ya mwanga. Ikiwa MRI huona uvimbe ulio katikati ya ubongo, ilhali mwanga hauwezi kupenya zaidi ya sentimita chache mwilini, rangi hiyo ni ya nini?

Jibu la 1
Ndugu, MRI hupigwa kabla ya upasuaji, lakini fuvu likishafunguliwa ubongo husogea, na picha ya awali haimwelekezi tena daktari sawasawa mahali pa kukata. Mwaka 2003, watafiti wa Massachusetts General Hospital nchini Marekani waliwadunga panya wenye uvimbe wa ubongo chembe za chuma zenye rangi ya Cy5.5, ambayo hutoa mwanga wa karibu nanomita 700, eneo ambalo damu hainyonyi mwanga mwingi. Seli za uvimbe zilikuwa zimefanywa zing'ae kijani, kwa hiyo waliweza kulinganisha kingo zilizoonyeshwa na chembe na kingo halisi. Chembe zilezile ndizo zinazotia weusi kwenye picha ya T2, ambayo ni aina mojawapo ya picha za MRI.

Jibu la 2
Naongezea kwamba ukidunga dawa mbili tofauti, kila moja itasambaa kivyake, na hutajua kama zinaonyesha seli zilezile. Hata hivyo, kuziunganisha kuna gharama yake: chuma kikiwa karibu mno na rangi huufifisha mwanga wake, ndiyo maana baadhi ya watengenezaji huweka utando wa silika kati yake. Isitoshe, MRI huhitaji chembe nyingi kuliko kamera, na sioni dozi moja ikiziridhisha zote mbili kwa urahisi.

Muuliza swali
Nashukuru. Je, baadaye chembe hizo huenda wapi?

Jibu la 2
Nyingi ni kubwa mno kuchujwa na figo, hivyo hunaswa na ini na wengu, ambako chuma chake huvunjwa taratibu na kuingia katika akiba ya mwili. Ferumoxytol, ambayo nayo ni chembe ya aina hiyo, iliidhinishwa Marekani mwaka 2009 kutibu upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo, ingawa mwaka 2015 iliwekewa onyo kali kuhusu mzio unaoweza kuua. Ukishaibandika rangi, inakuwa dawa mpya inayopaswa kupimwa usalama upya.