Naomba ushauri: Kampuni yangu ya intaneti isiyotumia waya imefika njia panda, nikope au niuze hisa?

Mwana_wa_Majabali

Wakuu, habari za majukumu.

Nina kampuni ndogo ya intaneti isiyotumia waya hapa Mwanza. Nilianza 2021 na redio mbili (vifaa vya kurusha intaneti hewani) na nguzo ya bomba juu ya nyumba ya shemeji yangu, Mkolani. Leo nina nguzo nne, mbili zimekaa juu ya majabali (wenyeji mnajua, huku mawe ndiyo minara yetu, unapanda kwa miguu na betri begani). Nina vijana watatu ninaowalipa na wateja 190 wa mwezi, kuanzia Mkolani na Nyegezi mpaka hosteli za wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT kule Malimbe. Leseni ninayo na kodi nalipa, msije mkanianzia huko.

Mteja wa mwezi analipa 40,000 kwa kasi ya Mbps 10. Pembeni nauza vocha za 500 na 1,000. Mwezi uliopita wateja wa mwezi waliingiza 5,900,000 na vocha 2,100,000. Matumizi: Mbps 200 ninazonunua kwa jumla 3,800,000, mishahara 1,500,000, pango la nguzo 400,000, na umeme, bodaboda na vifaa vinavyoungua na radi 700,000. Inabaki 1,600,000. Chuo kikifunga vocha zinakauka, nabaki kuhesabu mbao za dari.

Sasa kampuni za simu zimeingia mtaani na ruta za nyumbani za 5G, mtu anachomeka tu ukutani. Faiba nayo imepita barabara ya Shinyanga. Tangu Januari wamenihama wateja 31. Wengi kilio chao ni kimoja: kuanzia saa mbili usiku mpaka saa tano intaneti inakuwa nzito.

Nina mawazo mawili. Nichukue mkopo wa milioni 60, niongeze hadi Mbps 500 na kusimika nguzo Usagara na Kisesa kabla wakubwa hawajazagaa huko. Au kuna jamaa yuko tayari kutoa hizo milioni 60 kwa 40% ya kampuni. Mke wangu anasema nisifanye lolote kati ya hayo, lakini hasemi nifanye nini.

Naomba kuwasilisha.

KachumbariBaridi

Uza redio zote ununue ng'ombe. Sijawahi kusikia Msukuma amenyang'anywa ng'ombe na 5G.

Fundi_Kilele

Mkuu, kabla hujakopa hata mia. Saa tatu usiku, hiyo laini yako kuu ya Mbps 200 inasoma ngapi?

Mwana_wa_Majabali

Inacheza 130 hadi 145. Haijawahi kuvuka 150.

Fundi_Kilele

Basi huna njaa ya Mbps. Umenunua 200, saa ya msongamano hufikishi 150, halafu unataka kukopa ununue 500? Hizo 300 za juu zitalala hapo hapo zilipolala hizi 50.

Tatizo lako liko hewani. Redio ya nguzo inahudumia wateja kwa zamu. Mwenye mawimbi mazuri, tuseme -58 (namba ikikaribia sifuri ndiyo nguvu zaidi), anachota chake haraka anampisha mwenzake. Yule wa -79 nyuma ya mwembe anachota kiasi kile kile kwa muda mrefu mara kadhaa, na foleni nzima inamsubiri. Wateja watano wa aina hiyo wanatosha kuizamisha nguzo yenye watu 50, na mchana huwezi kuona kwa sababu foleni ni fupi. Fungua orodha ya kila nguzo, ipange kwa nguvu ya mawimbi. Yeyote aliye dhaifu kuliko -72 mpandishie antena, mhamishie nguzo nyingine, au mrudishie hela yake kwa heshima.

Pili, upana wa chaneli. Nina hakika umeweka 80 MHz ukidhani barabara pana ndiyo nzuri. Kwenye masafa ya 5 GHz, ambako kila mwenye redio anajitumia, barabara pana inakusanya kelele za mtaa mzima. Shusha 40, na kwenye nguzo yenye kelele zaidi shusha 20. Utaona karatasi inaonyesha kasi ndogo na wateja wanaacha kupiga simu.

Na hosteli ni kesi yake. Kule ruta ziko kila mlango, zote kwenye masafa ya 2.4 GHz, ambako chaneli zisizogongana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Mteja anakulaumu wewe kumbe anagombana na jirani yake wa ukuta wa pili.

Mwana_wa_Majabali

80 MHz zote. Umejuaje?

Fundi_Kilele

Sote tulianzia hapo.

Hesabu_Haidanganyi

Mimi redio sizijui, najua daftari. 190 mara 40,000 ni 7,600,000. Umeandika 5,900,000. Hiyo 1,700,000 iko wapi? Ni kubwa kuliko faida yako yote ya mwezi.

Mwana_wa_Majabali

Aisee. Hao ni wanaosema watalipa wiki ijayo. Wengine majirani, wengine walimu wanaosubiri mshahara. Mmoja ni mchungaji wangu, namkataje?

Hesabu_Haidanganyi

Usimkate wewe. Mfumo wa MikroTik (ruta inayosimamia wateja) ukate wenyewe saa sita usiku siku ya mwisho, na ufungue wenyewe akilipa kwa lipa namba. Mfumo hauna mchungaji.

Kuhusu mkopo: milioni 60 kwa miaka mitatu, hata ukipewa bila riba, ni 1,666,000 na ushee kila mwezi. Wewe unabaki na 1,600,000, tena mwezi ambao chuo kiko wazi. Umeshashindwa kabla riba haijaingia.

Kuhusu jamaa: akitoa milioni 60 kwa 40%, maana yake kampuni yote, pamoja na hela yake ndani, mmeipa thamani ya milioni 150. Kwa nguzo nne na madeni ya majirani, si bei ya kumtukania mtu. Ila sikuona uliposema atakuwa na sauti gani. Anaweza kukuzuia kuajiri? Akitaka kutoka nani atamlipa? Hayo yaandikwe na mwanasheria, msiyamalize kwenye sato na ugali.

Jirani_wa_Thika_Road

Salamu kutoka Kenya. Huku Starlink, intaneti ya setilaiti, ilipofika Julai 2023 tuliambiwa watu wa Wi-Fi za mtaani watafunga maduka. Novemba 2024 Starlink wenyewe wakasimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Setilaiti nayo ina foleni, kama tu nguzo yako yenye wateja 50. Kwa hivyo mkubwa akija usikimbie siku hiyo hiyo, ngoja kwanza wateja wajae kwake.

Kitu kingine. Kuna kampuni mbili za intaneti huku, Poa na Mawingu. Poa walijijenga mitaa kama Kibera, kwa bei ambayo mtaa unaiweza. Nyumba zimebanana, redio moja inaona milango mingi sana. Mawingu walienda upande mwingine kabisa: Nanyuki na miji midogo ambako waya haujafika, na baadaye wakavuka mpaka wakanunua kampuni ya intaneti ya Habari, ya Arusha. Njia zao hazifanani, lakini kila mmoja alichagua yake. Wewe unataka hosteli zilizobanana kama Kibera na vijiji vya mbali kama Nanyuki, kwa vijana watatu na bodaboda moja.

Mzee_wa_Mobitel

Vijana, mimi nilishika simu ya Mobitel miaka ya tisini, wakati kupokea simu mbele za watu ilikuwa ni kujionyesha. Mobitel walianza 1994, wakaja kuwa Buzz, wakawa Tigo, na tangu Novemba 2024 wanaitwa Yas. Tritel, waliokuwepo enzi zile zile, hata jina lao watoto wangu hawalijui. Nasema hivi ili usidhani msukosuko umeanza na wewe.

Halotel walipoingia Oktoba 2015 walikuta Vodacom, Tigo, Airtel na Zantel wameshakaa vitini. Walikuja na faiba na minara yao mpaka vijijini, huko wengine walikokuwa wanakuchukulia poa. Somo zuri, ila Halotel nyuma yake kuna Viettel ya Vietnam. Wewe nyuma yako kuna shemeji.

Ninalotaka ulichukue ni la Safaricom. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, chini ya Michael Joseph, walitoza simu kwa sekunde wakati mshindani wao KenCell anatoza kwa dakika. Mwenye hela kidogo akaona analipia alichotumia tu. Waliibadili namna ya kuhesabu, na hapo wakampata mtu wa kawaida. Sasa mwanafunzi wa Malimbe 40,000 kwa mkupuo haipo. Weka 10,000 kwa wiki kwa chumba. Wakiwa wanne ni 2,500 kila mmoja, hela ya chipsi. Kwa mwezi unapata ile ile.

Mwana_wa_Majabali

Shikamoo mzee. Hili la wiki sikuwahi kuliwaza, nilidhani vocha inatosha.

Dada_wa_Hosteli

Haitoshi kaka. Mimi nasoma Malimbe na nadhani nyie ndio mlikuwa mnatuuzia, kama nembo yenu ina samaki. Nilihama mwezi wa tatu. Sikuhama kwa ajili ya kasi. Nilinunua vocha ya 1,000 usiku wa kuamkia mtihani, ikagoma kuingia, nikapiga namba ya ukutani mara sita. Asubuhi kijana akanijibu "pole, ilikuwa bize". Laini ya simu ninayotumia sasa ni ghali kuliko yenu, na bando likiisha limeisha, lakini angalau najua likiisha ni mimi nimelimaliza.

Mwana_wa_Majabali

Samaki ni yetu. Dada, samahani sana. Namba hiyo inakaa na kijana anayelala saa nne.

KachumbariBaridi

Hao 31 mmeshawapata. Hakuna cha 5G hapo, ni kijana kalala.

Kisiwani_Nansio

Kaka achana na Usagara, njoo Ukerewe. Huku tuna kiu.

Fundi_Kilele

Ukerewe siku akiwa na hela ya kukosea. Redio ikipita juu ya ziwa, maji yanakuwa kioo: mawimbi yanadunda juu yake na kufika mara mbili, ya moja kwa moja na yaliyodunda, yanauana. Mchana unapata kiungo kizuri, jioni hali ya hewa ikigeuka kinapotea. Inawezekana, kwa antena mbili zilizopishana urefu na nguzo za maana, lakini si kwa bomba la shemeji.

Leseni_Kwanza

Angalia pia: Kisesa iko Magu, Usagara iko Misungwi. Leseni yako inasema wilaya au mkoa? Watu wengi huchukua ya wilaya kwa kuwa ni rahisi, halafu wanavuka mpaka bila kujua. Pita ofisi ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) Kanda ya Ziwa, uwaulize kabla hujachimba shimo la nguzo.

Na swali langu mimi: Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom, zinazotuletea intaneti kutoka nje, zilipokatika, ulikuwa wapi?

Mwana_wa_Majabali

Chini ya jabali, nimezima simu. Wateja walifika mpaka kwa mama yangu.

Leseni_Kwanza

Basi kabla ya Mbps 500 kutoka mlango mmoja, tafuta hata 50 kutoka mlango wa pili, kwa mtu ambaye njia yake ya kutoka nje ya nchi ni tofauti. Usimuulize bei tu. Muulize anapita wapi, na kama YouTube na Facebook anazitoa kwenye hifadhi ya nakala iliyopo Dar au kila video inavuka bahari. Kile kinachopatikana ndani ya nchi kingeendelea hata siku ile.

Mwana_wa_Majabali

Wakuu, narudi baada ya wiki tano.

Nimepanga orodha kama Fundi alivyosema. Waliokuwa dhaifu kuliko -72 ni 23, na tisa kati yao wako nyuma ya jabali moja Nyegezi, tuliwafunga siku moja kwa haraka ya hela. Chaneli zote zimeshuka 40, nguzo ya Malimbe 20. Sasa saa tatu usiku laini inasoma mpaka 175, kwa Mbps 200 zile zile.

Mfumo unakata. Siku ya kwanza nilipigiwa simu kama 40, mchungaji alikuwa wa tatu. Akacheka, akalipa, akaniambia hata sadaka ina tarehe. Mwezi huu wateja wa mwezi wameingiza 6,900,000.

Vyumba 26 vimechukua ya wiki. Kijana wa usiku nimemwajiri, mwanafunzi, yeye halali kabla ya saa nane hata bila mshahara. Dada wa hosteli, vocha yako ya mtihani nimeirudisha mara kumi, nicheki inbox.

Mkopo nimeachana nao. Jamaa wa 40% bado anapiga. Nimemwambia asubiri chuo kifunge, aje akae ofisini mwezi mzima wa Agosti. Akiipenda Agosti, tutaongea.

Fundi_Kilele

Safi. Na wale tisa wa nyuma ya jabali?

Mwana_wa_Majabali

Wawili nimewarudishia hela. Saba wamechanga bomba la mita sita, Jumamosi tunalipandisha.

Fundi_Kilele

Funga waya wa radi kabla ya redio. Na weka picha.