Mdogo wangu kiziwi amekaribia kujifungua, mkalimani wa lugha ya alama tunampataje?

Mama Tuli: Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu ni kiziwi, kasoma shule ya viziwi, alama anazijua vizuri. Mimba ina miezi saba. Hospitali ya wilaya haina mkalimani. Tuanzie wapi, na siku ya uchungu itakuwaje?

Ustawi wa Jamii: Pole dada. Anza kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, asipokuwepo nenda wa halmashauri. Peleka barua ya ukurasa mmoja yenye tarehe na saa za kliniki, lugha anayotumia (andika Lugha ya Alama ya Tanzania, yaani LAT, na neno "bubu" lisionekane kabisa), na kama anataka mkalimani mwanamke. Itaje Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Nakala moja kwa mganga mfawidhi, nyingine ubaki nayo ikiwa na muhuri. Wakati huohuo waulizeni CHAVITA (Chama cha Viziwi Tanzania), wanawafahamu wakalimani. Nauli na malipo yakubaliwe mapema, si mlangoni.

Mkalimani LAT: Mkalimani akae ubavuni mwa nesi, nyuma kidogo, ili mgonjwa awaone wote kwa mtazamo mmoja. Dirisha lisiwe mgongoni mwao, nyuso zitaingia giza, na uso ni sehemu ya sarufi: nyusi zikipanda, sentensi imegeuka swali. Nesi amtazame mgonjwa na kumuuliza "unaumwa wapi?", asimgeukie mkalimani na "muulize anaumwa wapi".

Msitegemee kuandikiana. Kwa viziwi wengi Kiswahili ni lugha ya pili. Mtu anaweza kusoma "kutwa mara tatu" neno kwa neno na asijue anywe saa ngapi. Kuitikia kwa kichwa nako hakutoshi. Aeleze mwenyewe kwa alama dawa atainywaje, na dalili zipi zimrudishe hospitali mara moja: damu, kichwa kuuma sana, uso kuvimba, mtoto kuacha kucheza.

Mama Tuli: Asante sana. Mimi ndugu yake siwezi kumkalimania?

Mkalimani LAT: Kuuliza foleni, sawa. Majibu ya VVU au ridhaa ya upasuaji, hapana. Ndugu hufupisha, na huficha kwa huruma. Mkalimani anabanwa na maadili ya kutunza siri.

Mkunga Mstaafu: Uchungu ukianza usiku, mkalimani atachelewa. Pangeni naye simu ya video: simu isimamishwe imara, mikono ionekane toka kiunoni hadi juu ya kichwa, chaja iwepo. Kabla ya hapo wakunga wafundishwe alama tano: sukuma, usisukume, pumua, maumivu, damu. Taa zisizimwe.

Juu ya faili iandikwe KIZIWI, MGUSE BEGA, maana pale majina huitwa kwa sauti na zamu itampita.

La mwisho, nalisisitiza: dripu iwekwe mkono asioutegemea kwa alama, tena kwenye kigasha. Ikikaa nyuma ya kiganja anachozungumzia, mmemziba mdomo hadi itolewe.