Naombeni ushauri: mhusika wangu wa kuchekesha amenimeza, niendelee naye au nimwache?

Kicheko Kavu (mleta uzi):
Wakuu, salaam. Akaunti ni mpya kwa makusudi, maana nikijitaja mtaanza kunitumia klipu zangu mwenyewe.

Mimi ni mwigizaji wa vichekesho, huu mwaka wa 11. Wala sikuanzia huko. Kwenye kikundi cha maigizo nilikuwa mtu wa kuvuta pazia na kupiga pasi mavazi. Siku moja aliyepangwa kuigiza mama mwenye nyumba mkorofi hakutokea, nikasukumwa jukwaani. Kwa woga sauti ikanitoka nyembamba, ya puani, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Ukumbi ukaangua kicheko. Mtayarishaji akaniambia, "Hiyohiyo, usiiguse." Sijaigusa mpaka leo.

Sitakuwa mnafiki, umaarufu umenilisha na umesomesha wadogo zangu. Ila juzijuzi sauti ilianza kukwama, nikaenda hospitali, na karani akaandika kwenye faili jina la mhusika. Hakuwa anatania, ndilo jina analolijua. Majibu ya vipimo yakatafutwa wiki nzima kwa jina langu la kweli, ambalo halikuwapo popote. Nilipofika kwa daktari nikamweleza ninavyoumwa, naye anatabasamu, anasubiri nifike pa kuchekea. Kumbe nina vinundu kwenye nyuzi za sauti.

Sasa mkataba unaisha. Mtayarishaji anataka miaka mitatu mingine, sauti ileile. Na kuna mwongozaji mwingine kaniita kwenye usaili: mama anayemsubiri mwanawe aliyepotea, maneno yake filamu nzima hayafiki kumi. Malipo kiduchu. Ninachoogopa ni watu kucheka wakiniona tu, kabla sijafanya lolote. Nifanyeje?

Mzee wa Kona:
Binti yangu, usiache mbachao kwa msala upitao.

Shangazi Mkali:
Mzee wa Kona, mbachao gani huo unaomkausha mtu koo? Umesoma uzi wote au umeishia kichwa cha habari?

Chura wa Mvua:
Turekodie ile sauti kidogo tujue kama ni wewe kweli 😂

Kicheko Kavu:
@Chura wa Mvua ahsante kwa kunisaidia kueleza tatizo.

Pazia Jekundu:
Dada, pole. Hiyo hofu ya kuchekwa ina msingi, lakini wenzako wameivuka. Whoopi Goldberg alitoka kwenye vichekesho vya jukwaani, akiwa peke yake na wahusika wake. Mwaka 1985 akapewa nafasi ya mwanamke anayeonewa na kunyamaza, akateuliwa kuwania Oscar. Tuzo yenyewe akaja kuipata 1991, tena kwa nafasi ya kuchekesha! Kwa hiyo mlango haujifungi nyuma yako. Mo'Nique naye watu walimzoea kwa utani, akaigiza mama katili mpaka watazamaji wakamchukia, akaichukua Oscar mwaka 2010.

Kwa maoni yangu mchekeshaji ana kitu ambacho waigizaji wengi wa huzuni hawana, anajua kusubiri. Wewe unajua kicheko kinaanza lini na kinaisha lini, unajua kukaa kimya sekunde moja zaidi ya mtazamaji anavyotegemea. Nafasi ya maneno kumi ni ya mtu kama wewe. Akipewa mwigizaji wa kulialia ataijaza machozi dakika ya kwanza.

Ila usimwache mhusika kwa hasira. Ukimuaga kwa vishindo, watu watakuja kumtafuta yeye kwenye filamu mpya.

Wakili wa Pembeni:
Wote mnaongelea sanaa, mimi naomba kifungu. Jina la mhusika ni la nani? Wengi husaini siku ya kwanza wakiwa na furaha, baadaye wanagundua jina, mavazi na hata misemo yao ni mali ya mtayarishaji. Kuna Mkataba wa Beijing wa 2012 kuhusu haki za waigizaji kwenye kazi za picha na sauti, ulianza kutumika 2020, lakini unazifunga nchi zilizouridhia tu, na hata huko mwigizaji anaweza kuhamisha haki zake kwa maandishi. Yaani sahihi yako inaweza kukumaliza.

Mfano mzuri ni Lucille Ball, mchekeshaji wa Marekani. Alikuwa kwenye filamu tangu 1933 bila kuwa nyota mkubwa. Kipindi chake cha televisheni kilipoanza 1951, tayari ana miaka 40, yeye na mumewe walikubali kupunguziwa malipo ili vipindi virekodiwe kwenye filamu na vibaki mali ya kampuni yao. Marudio ndiyo yaliyowatajirisha. Usisaini miaka mitatu kabla hujajua unachouza.

Pumzi Ndefu:
Nafundisha sauti. Vinundu mara nyingi hutokana na kuibana sauti muda mrefu, na mara nyingi hupungua kwa mapumziko na mazoezi bila kupasuliwa. Usinong'one ukidhani unapumzisha, kunong'ona kunaweza kuzichosha nyuzi za sauti pia. Na kama ni lazima umrudie mhusika, tafuta mtaalamu akufundishe kuitoa ile sauti kwa pumzi ya tumboni. Sasa hivi unaikamua kooni.

Mzee wa Kona:
Nimesoma uzi wote sasa. Binti yangu, nafuta kauli.

Kicheko Kavu:
Mrejesho, wakuu. Nimefukua mkataba wa zamani. Jina la mhusika ni lake mtayarishaji, nilisaini mwenyewe, ukurasa wa mwisho. Kuhusu sauti hakuna neno hata moja. Nimemwambia sisaini chochote hadi daktari aniruhusu, kanuna.

Na usaili nimekwenda leo. Nilipokaa tu kwenye kiti, kijana wa kamera akaanza kucheka, mwenzake akamfuata. Sikugeuka. Nimekaa naangalia mlango, kama alivyoelekeza mwongozaji. Wakacheka mpaka wakachoka, mimi bado naangalia mlango. Mwongozaji akasema, "Endelea kurekodi."

Jibu wiki ijayo.