Naomba ushauri: nitajifunzaje mwili wa binadamu kwa wiki tatu?

BintiMajengo
Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Majengo hapa Mombasa, nina miaka 27. Nataka kujifunza mwili wa binadamu tangu mwanzo kabisa: mifupa, misuli, mishipa, damu inavyotembea. Kidato cha nne baiolojia nilipata D. Vitabu nimeazima viwili, nasoma ukurasa mmoja mara nne, nikifunga hakuna kilichobaki. Nina wiki tatu tu. Nianzie wapi? Hasa ile damu ya mguuni, inapandaje juu? Usiku silali.

Nahodha_Likoni
Mifupa 206, na bado kuna watu huku kwetu hawana uti wa mgongo wakidaiwa. Pole dada, utaweza.

MwalimuMstaafu_Tudor
Binti yangu, achana na majina kwanza. Nenda kwa muuza nyama, nunua moyo wa mbuzi, mwambie asiukate. Upasue kwa urefu kisha utie kidole. Ukuta wa kushoto utaukuta mnene, wa kulia mwembamba. Upande wa kulia kazi yake ni kusukuma damu hadi mapafuni, hapo jirani tu. Wa kushoto unaifikisha mpaka kwenye nyayo. Ukishalishika hilo kwa kidole chako hulisahau tena. Nimefundisha hivyo miaka mingi, na watoto waliokuwa wakisinzia darasani waliamka siku ya moyo.

Mifupa nayo isikutishe. Kuanzia kifundo cha mkono hadi ncha za vidole kuna 27, na kuanzia kifundo cha mguu 26. Pande zote mbili ukijumlisha ni 106, zaidi ya nusu ya mifupa yote. Jipapase mwenyewe ukiwa kitandani, mmoja mmoja.

MamaZubeda_Kisauni
Mwanangu wa pili alisomea uuguzi. Mwezi wa kwanza alikuwa akilia chooni ili nisimsikie. Nikambandikia karatasi nyumba nzima: ini kwenye kabati, wengu kwenye dirisha, kongosho juu ya jiko, figo mlangoni mwa friji. Ameshaolewa yuko Lamu, na mimi mpaka leo nikitoa maziwa nakumbuka figo mbili zinachuja kama lita 180 kwa siku na mkojo unaotoka ni lita moja au mbili tu, zingine zote zinarudishwa kwenye damu. Subhanallah. Lakini nyinyi wasichana wa sasa mnapenda njia ya mkato. Wiki tatu!

Kijana_wa_Wodini
Dada, wiki tatu ni za mtihani gani? Hujataja chuo.

BintiMajengo
Sina chuo. Mimi nakanda. Nyanya yangu alikuwa mkandaji wa wazazi, mimi ndiye niliyekuwa nikimbebea mafuta. Nimeshalipa kodi ya chumba miezi miwili, kibao kimeshachorwa, tarehe moja nafungua. Na majumbani naitwa tayari. Mkono ninao, ninachokosa ni majina. Mteja akiniuliza huu ni msuli gani nisibabaike.

MamaZubeda_Kisauni
Kumbe! Mimi arobaini zangu zote nilikandwa, mgongo ukarudi kama wa msichana. Wakandaji wa kweli wamepungua mjini. Fungua mwanangu, nitakuletea wakwe zangu.

Kijana_wa_Wodini
Bado hujajibu. Kwa nini uliuliza damu ya mguuni hasa?

BintiMajengo
Kuna mzazi mmoja. Alijifungua kwa upasuaji, leo siku ya kumi na mbili. Shavu la mguu wa kushoto limevimba, linamuuma akikanyaga. Jana nilimkanda kidogo kwa mafuta ya nazi, akasema afadhali. Kesho saa kumi narudi. Nilitaka kujua nikande kwenda juu au kwenda chini, basi. Msinihukumu. Nyanya alikanda miguu ya wazazi miaka arobaini, sikusikia aliyedhurika.

Kijana_wa_Wodini
Usikande juu wala chini. Usiuguse kabisa.

Uliuliza damu inapandaje, sikiliza. Vena za mguu, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zina vali, vijilango vidogo vinavyofunguka kuelekea juu tu. Mtu akitembea, msuli wa shavu la mguu unaibana vena, damu inapanda. Mjamzito na mzazi damu yao huganda upesi, na hali hiyo inaendelea wiki kadhaa baada ya kujifungua. Ongeza upasuaji na kulala kitandani. Bonge likiganda ndani ya vena ya mguu, mguu huo mmoja unavimba na kuuma. Ukilikanda linaweza kung'oka. Likishang'oka linapanda pajani, linaingia vena kava ya chini, ile kubwa inayoingia moyoni, kisha upande wa kulia wa moyo, ule ukuta mwembamba wa Mwalimu, na kutoka hapo linasukumwa mapafuni. Likiziba huko mtu anaweza kufa kwa muda mfupi. Sisemi ni bonge kwa hakika. Nasema aende hospitali leo.

Mchunguzi_Nyali
Huu uzi ni wa kutunga. Asubuhi mifupa, mchana kibao, jioni mzazi wa upasuaji. Mkandaji gani wa Mombasa anamgusa mzazi aliyepasuliwa siku ya kumi na mbili? Huyu anaandika mchezo wa redio.

Nahodha_Likoni
Hata mimi nimeanza kutilia shaka.

BintiMajengo
Tumbo sikuligusa, Wallahi. Nyanya alinikataza mshono. Nilishika miguu tu. Na jana kabla ya kuanza niliipima kwa futi ya cherehani ya mamake, kwa sababu jicho lilinikataa. Kulia sentimita 34, kushoto 38. Ngozi ya kushoto ilikuwa na joto, nikibonyeza kidole kinaacha shimo. Nimeiandika kwenye daftari. Niliona. Niliona na bado nikakanda, kwa sababu walishanilipa.

MwalimuMstaafu_Tudor
Binti, weka simu hii chini, umpigie.

BintiMajengo
Amepokea mumewe. Anasema hospitalini foleni, nije kesho kama tulivyopanga.

Kijana_wa_Wodini
Mpigie tena. Mwambie hutakuja, na pesa unarudisha. Muulize kama anapumua kwa shida au kifua kinamchoma. Na wakifika mapokezi waseme "mzazi wa upasuaji, mguu mmoja umevimba". Wayaseme hayo mwanzo kabisa.

MamaZubeda_Kisauni
Kama shida ni nauli, sema hapa.

BintiMajengo
Mamake ndiye aliyenisikiliza. Wamepanda tuktuk, mguu ameunyoosha kwenye kiti. Kupumua anapumua vizuri. Mimi pia nakwenda, natembea sasa hivi, daftari ninalo, nitampa daktari zile namba mbili.

Kijana, ile vena kubwa inayoingia moyoni inaitwaje tena?

Kijana_wa_Wodini
Vena kava ya chini. Niandikie mkifika.